Pombe ingenuka: mwanangu alizama kwenye simu tukiwa naye kochi moja

Mama Karanga (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za usiku. Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu jambo hili nimelibeba peke yangu tangu mwezi wa nne na limenielemea. Tena najua yupo mama mwingine Kizota au Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, ambaye muda huu mwanawe yupo chumba cha pili, mlango umerudishwa, na yeye anamshukuru Mungu kwamba mtoto hazururi usiku.

Mimi ndivyo nilivyokuwa nikishukuru.

Naishi Nkuhungu, nauza karanga na mafuta ya alizeti soko la Majengo. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Nina watoto watatu. Ninayemzungumzia ni wa kati, ana miaka 22, yupo chuo mwaka wa pili hapa hapa mjini na analala nyumbani ili kupunguza gharama. Kijana mpole. Havuti, hanywi, hana kijiwe. Pombe tunaijua nyumba hii, ilituulia mdogo wangu wa kiume, kwa hiyo pua yangu iko macho siku zote. Mtoto akichelewa, akiingia na shikamoo yake, namsogelea kama namweka sawa kola ya shati, kumbe namnusa. Pombe ingenuka. Bangi ingenuka. Hiki kilichomshika mwanangu, kamari ya kwenye simu, hakikuwa na harufu, hakikumfanya apepesuke, hakikumchelewesha kurudi nyumbani. Kilikaa naye kwenye kochi letu, pembeni yangu, tukiangalia tamthilia.

Niseme na langu. Na mimi nilikuwa na simu mkononi. Nafungua status, naangalia harusi ya watu nisiowajua, vitenge vipya, nyumba ya fulani imeezekwa. Dada yake na yake, mdogo wake akiazima ya dada. Kuna jioni umeme ulikatika, TV ikazima, ikapita dakika nzima kabla mtu yeyote hajasema.

Mwezi wa nne mteja wangu wa siku nyingi, anayechukua madebe mawili kila mwisho wa mwezi, alinijia mezani akanipa simu yake nisome. Ujumbe ulimtaka amfahamishe "ndugu yake" kwamba ni mdaiwa sugu na tapeli, alipe leo. Jina la mwanangu. Picha ya mwanangu, ile aliyopiga siku ya mahafali ya kidato cha sita. Ujumbe ulikuwa umekwenda kwa karibu kila namba aliyokuwa nayo: mchungaji, mjomba wake wa Mpwapwa, wanakwaya wenzake, mwalimu wake wa zamani. Hii mikopo ya kwenye simu, kausha damu. Alikopa kwenye programu tano, ya pili kulipa ya kwanza, ya tatu kulipa ya pili.

Jioni ile sikugomba. Nilivaa miwani nikamwomba anifungulie ujumbe wa miamala, tukakaa mezani nikasoma mmoja mmoja. Saa saba na dakika kumi na mbili usiku, ametuma 1,000. Na kumi na tatu, 1,000. Na kumi na nne, 2,000. Na kumi na tano, amepokea 3,400. Na kumi na sita, ametuma 3,000. Na kumi na saba, 400, yote iliyobaki. Inaendelea hivyo mpaka saa kumi alfajiri, wakati mimi naamka kuwahi gari la mzigo. Kurasa na kurasa. Ada yote, 600,000, ilikatika vipande vya elfu moja moja kwa siku kumi na moja.

Nikaweka kidole pale penye 3,400. Nikamuuliza, "Hapa si ulipata? Mbona hukulala?"

Akasema, "Mama, nikipata ndiyo silali."

Sijaisahau kauli hiyo. Nilidhani tatizo ni kupoteza.

Alinisimulia ilivyoanza. Hakuwahi kukanyaga kwenye duka la kubeti. Ilianza kwenye video fupi. Alikuwa anaangalia mpira na vichekesho, ikapita video ya kijana wa umri wake anaonyesha simu yenye mkeka (mechi alizobetia) uliotiki, dau la elfu mbili limezaa laki nane. Akaiangalia mara mbili. Kesho yake zikaja tatu za aina hiyo, wiki iliyofuata ni hizo tu. Chini ya video kuna kiungo, kiungo kinakupeleka kwenye chaneli, kwenye chaneli kuna admini anayeuza mikeka ya uhakika. Mechi zikawa zinachukua muda mrefu, akahamia kwenye kandege, ule mchezo wa kindege kinachopaa na pesa inapanda, unatakiwa utoke kabla hakijapotea. Raundi moja ni sekunde chache. Unaweza kucheza umelala, umejifunika blanketi, mama yupo chumba cha pili anamshukuru Mungu.

Sasa naombeni mnisikilize hapa, maana ndipo ninapoomba msaada. Nimemlipia madeni mara tatu. Mara ya kwanza 120,000, akalia, akaapa kwa Biblia. Mara ya pili 300,000, akalia tena, na sidhani kama alikuwa ananidanganya, alikuwa anamaanisha. Mara ya tatu niliuza cherehani. Nililipa ili aibu isitoke mlangoni kwangu. Kila nikilipa, ndani ya wiki mbili anarudi. Sitaki kumpoteza. Sitaki pia kuambiwa kwamba simu ni shetani, kwa sababu wateja wangu wa Kondoa na Singida wananitumia oda kwa WhatsApp na ndizo zinazotulisha. Nataka kujua mwenye kupita njia hii alifanya nini.

---

Mzee wa Mvumi

Mbukwenyi. Pole sana mwanangu. Nimesoma mpaka mwisho na moyo umeniuma. Mimi ni mtu wa zamani, nitasema ninachokijua. Mnyang'anye hiyo simu, mpeleke kijijini akalime miezi sita. Huku Mvumi hakuna nafasi ya kukesha, jua likizama mwili umeshachoka. Samaki mkunje angali mbichi.

---

Mwana Ng'hong'hona

Shikamoo mama. Shikamoo mzee wangu wa Mvumi, usinielewe vibaya, lakini huyu ana miaka 22, simu ukimnyang'anya ataazima, na kijijini kwenyewe siku hizi mtandao unashika vizuri tu.

Mimi ni mwanafunzi, napanga geto Ng'hong'hona, nimeacha kubeti mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Naomba nieleze wale maadmini wanavyofanya kazi, maana wazazi wengi wanadhani mtoto amekuwa mjinga. Sikuwa mjinga, nilikuwa na A ya hesabu.

Admini ana watu, tuseme 900. Anawagawa mafungu matatu bila wao kujuana. Fungu la kwanza anawaambia timu ya nyumbani itashinda, la pili anawaambia mgeni atashinda, la tatu sare. Mechi ikiisha, 300 wameona amepatia. Wale 600 anaachana nao. Hao 300 anawagawa tena, wanabaki 100. Anawagawa tena, wanabaki kama 33. Hao 33 wameona kwa macho yao amepatia mara tatu mfululizo, wako tayari kuapa kwamba ana mechi za kununua. Ndio anaowauzia VIP. Mimi nilikuwa mmoja wa wale 33. Nililipa elfu thelathini, na niliona nimepata bahati.

Cha pili mama, kile kiungo cha usajili anachokuwekea hakipo bure. Ukijisajili kupitia kwake analipwa, na kwenye mikataba mingi ya aina hiyo malipo yake yanatokana na asilimia ya pesa unayopoteza. Mtu anakupa mkeka, na mkeka ukichanika yeye anakula. Nilipolijua hilo niliumia kuliko nilivyoumia kwa pesa yenyewe, kwa sababu nilikuwa namwita kaka.

Na siku bumu, ile mikopo ya wanafunzi, linapoingia wanajua. Ile asubuhi magrupu yanachangamka kuliko siku ya fainali.

Kilichonitoa mimi ni kudisko, yaani kuondolewa chuo, kwa rafiki yangu tuliyekuwa tunalala geto moja. Alirudi kwao Bukoba na begi moja. Sina la kujisifu hapo.

---

Mchango wa Jumamosi

Pole mama. Ila tusikuze mambo. Mimi naweka elfu mbili kila Jumamosi, napenda mpira, naangalia mechi kwa raha. Si kila anayebeti ni mgonjwa, na si kila kijana anayeshinda mtandaoni ana uraibu. Ajira hakuna, mnataka vijana wakae wanaangalia ukuta?

---

Nesi wa Zamu

Mama Karanga, pole na hongera kwa kuandika. Ninafanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili kwa miaka kadhaa hapa kanda ya kati. Nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe.

Mchango wa Jumamosi yuko sahihi kwenye jambo moja. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeutambua uraibu wa kamari na uraibu wa michezo ya kwenye simu na kompyuta. Kuperuzi mitandao ya kijamii peke yake hakumo kama ugonjwa unaojitegemea. Kwa hiyo tusimwite kila mtoto mraibu. Tunachokitazama si saa ngapi ameshika simu. Tunatazama kama ameshindwa kujizuia, kama kitu hicho kimepanda juu ya chakula, usingizi, masomo na watu wake, na kama anaendelea huku anaona kinavyomuumiza. Elfu mbili ya Jumamosi inayoishia Jumamosi ni habari moja. Kukopa kwenye programu tano ni habari nyingine.

Lakini mtandao na kamari vinatumia mlango uleule wa ubongo, ndiyo maana kimoja kinamkabidhi mtu kwa kingine kirahisi. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaweka njiwa kwenye kisanduku chenye kitufe. Njiwa akidonoa, anapata punje. Punje ikija kila mara kisha ikakoma, njiwa anaacha upesi. Punje ikija kwa kuotea, mara ipo mara haipo, njiwa anadonoa bila kuchoka, na anaendelea muda mrefu hata baada ya punje kukoma kabisa. Sasa fikiria mtoto amepandisha picha. Anafungua simu: laiki kumi. Anafungua tena: hakuna. Tena: moja, kutoka kwa yule msichana. Kitufe cha laiki Facebook waliweka 2009. Ule ukurasa usio na mwisho, ambao ukivuta juu vinakuja vingine na vingine, ulibuniwa 2006 na Aza Raskin, na yeye mwenyewe baadaye alijitokeza hadharani kueleza majuto yake. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unapumua, unajiuliza kama uendelee. Ile nafasi ya kujiuliza ndiyo iliyoondolewa.

Kemikali inayohusika hapo inaitwa dopamini, na watu wengi wanadhani ni kemikali ya raha. Inafanya kazi zaidi kwenye kungojea raha. Ndiyo maana kijana alikwambia akipata halali. 3,400 haikumpa raha ya kutosha. Ilimwambia kwamba kitu kipo, endelea. Na kile kindege kikipotea sekunde moja baada ya wewe kuchelewa kubonyeza, ubongo hauandiki "nimepoteza". Unaandika "nilikaribia". Kukosa kwa chupuchupu kunaweza kumrudisha mtu mchezoni. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "basi inatosha", inaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi. Mwanao ana 22. Simtetei, naeleza.

Kuhusu kumlipia. Mama, ulilipa kwa upendo, lakini kwa mraibu wa kamari deni likifutwa ghafla ni sawa na dau jipya. Mzigo umetoka, akaunti imefunguka. Familia nyingi zinafika kwetu zikiwa zimeshauza mpaka kiwanja. Deni lijulikane lote, liandikwe kwenye karatasi, alilipe yeye kidogo kidogo, nanyi mkae naye wakati analipa. Pesa zake kwa sasa zipite mkononi mwa mtu mwingine. Arosto ipo hata hapa, hasira, kukosa usingizi, mikono kutotulia, wiki za kwanza ni ngumu.

Na kuna swali nakuomba umuulize leo, usingoje kesho. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Madeni ya kamari na aibu ya ule ujumbe uliosambazwa ni mzigo mkubwa kwa kijana. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunamwonyesha kwamba lipo sikio.

Akikubali, njooni hospitali. Hapa Dodoma tuna bahati ya kuwa na Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na tuna bahati mbaya kwamba jina hilo limekuwa tusi mitaani. Mtu akitajiwa Mirembe anaona ameitwa kichaa. Pale wanatibiwa watu wenye sonona, watu wenye uraibu, wengine wanatoka kazini kwao, wanaongea na mtaalamu, wanarudi kazini.

---

Mama Karanga (mleta uzi)

Nesi, nimemuuliza jana usiku. Nilisubiri wenzake walale.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikasikia friji ya jirani inaanza kunguruma. Kisha akasema, "Mwezi wa tatu, mama. Siku mbili." Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Tumelala chumba kimoja, nimetandika godoro chini kama alipokuwa mdogo. Leo asubuhi sikufungua meza sokoni, tumekwenda.

Endeleeni kuchangia, nasoma zote.

---

Kibaigwa Njia Panda

Dada yangu, Mungu akutie nguvu. Umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Mimi nilikuwa mlevi. Nasema nilikuwa kwa tahadhari, nina miaka minne. Nilianza na viroba, ile pombe kali ya vipakiti, nikiwa utingo wa malori hapa Kibaigwa, sokoni kwenye mahindi. Wakubwa humu wanavikumbuka, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kiroba kilikuwa na nguvu gani? Kilikuwa kidogo. Kinaingia kwenye soksi. Bei yake ni sarafu uliyorudishiwa dukani. Hakuna anayekuona ukinywa chupa, kwa sababu hakuna chupa. Serikali iliona kwamba ule udogo wake ndio sumu, ikaviondoa. Sasa nasoma dau la 1,000, raundi ya sekunde chache, chini ya blanketi, nasema hiki ni kiroba kimerudi. Kimerudi kwenye mfuko uleule.

Niongeze la kwangu kuhusu mitandao, kwa sababu watu wanazungumzia kamari tu. Nilipoacha pombe, baa niliikwepa. Nilibadilisha njia, nikawa nazunguka nyuma ya mashine ya kusaga ili nisipite pale. Lakini status sikuikwepa. Ijumaa saa mbili usiku nafungua simu nimeketi na mke wangu, wenzangu wote wako pale, chupa zimepangwa mezani, jasho linashuka kwenye chupa, nyama inachomwa, mtu ananitaja jina kwa sauti, "tumekumiss mwamba". Baa ilikuwa imenifuata mpaka kitandani. Nilirudi kunywa mara mbili kwa sababu ya status, sikusukumwa na mtu yeyote. Mara ya tatu nilikaa na mke wangu tukafunga kuona status za watu kumi na saba, mmoja baada ya mwingine. Kumi na moja ni marafiki wa kweli kabisa, wawili ni ndugu wa damu. Iliniuma kama msiba.

Na simu hiyohiyo inanishikilia. Tuko wanaume watatu, mmoja Kongwa, mmoja Gairo na mimi. Kila siku saa kumi na mbili jioni, saa ambayo kila mlevi anaijua, mmoja anapiga. Hatutumi ujumbe, tunapiga, kwa sababu sauti ya mtu aliyekunywa haijifichi. Dakika tatu. "Umeamkaje, umekula nini, leo vipi." Mtafutie kijana wako mtu wa namna hiyo. Huyu wa Ng'hong'hona hapo juu, kwa mfano, kama yuko tayari.

---

Mwana Ng'hong'hona

Niko tayari kaka. Mama, nitakutafuta pembeni.

---

Wakala wa Ipagala

Mimi ni wakala wa miamala ya simu. Nina jambo la kuwaambia wazazi ambalo naliona dirishani kwangu kila siku.

Sheria inasema kamari ni kuanzia miaka 18. Laini tunasajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kitambulisho anapewa mwenye miaka 18. Kwa karatasi, mtoto hawezi kupita. Lakini mtoto wa kidato cha pili anayekuja kwangu kuweka 1,000 kila asubuhi, mara nyingine akiwa na sare, anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mama yake. Mama alimsajilia kwa nia njema, ili aweze kumpigia. Mtambo unapouliza umri, unamwona mama, miaka 41, ruksa. Nikikataa kumwekea anakwenda kibanda cha jirani.

Wazazi, pigeni *106# mwone ni laini ngapi ziko kwa kitambulisho chenu. Mtashangaa. Ukikuta laini ya mtoto, hiyo miamala inasomeka kwa jina lako, na mkopo utakaochukuliwa juu yake utasomeka kwa jina lako.

Kuhusu kausha damu za kwenye simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Mama Karanga, kabla kijana hajaanza kulipa angalia kwanza hao watano kama wana leseni, na ule ujumbe waliosambaza na picha utunze, usiufute. Kumtangaza mdaiwa kwa watu aliowahifadhi kwenye simu si utaratibu wa kudai.

---

Mwalimu wa Hombolo

Nafundisha sekondari. Shuleni simu ni marufuku, tunazikamata, tunazifungia kabatini, na mwisho wa muhula mzazi anakuja kuzichukua akituomba radhi. Kisha likizo inaanza, mtoto anakaa na ileile simu mwezi mzima, mzazi yuko shambani.

Nasikia wengi wanaisifu Australia, ambao tangu Desemba 2025 wamezuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa. Mimi naiunga mkono nia yao. Lakini aliyoyasema wakala wa Ipagala ndiyo hali yetu. Kwetu mtoto haingii kwa akaunti yake, anaingia kwa simu ya nyumba. Sheria ya namna hiyo hapa itamkuta mama, miaka 41.

Nimeanza kitu kidogo na kidato cha tatu. Ile hesabu ya admini na watu 900 nitaifundisha kesho kwenye somo la uwezekano. Asante kijana wa Ng'hong'hona.

---

Mzee wa Mvumi

Nimesoma yote, wajukuu zangu wamenisaidia. Mwanangu Mama Karanga, nafuta neno langu la kumnyang'anya. Sikujua hilo la mwezi wa tatu. Lakini la shamba silifuti. Kama mtaona inafaa, wikiendi aje, karanga zimekauka na mikono haitoshi. Atalala na wajukuu. Hatutamuuliza kitu.

---

Mama Karanga (mleta uzi)

MREJESHO, baada ya wiki saba.

Wengi mmeniuliza pembeni, nimeona niandike hapa.

Tumehudhuria kliniki mara nne. Mara mbili za kwanza niliingia naye, sasa anaingia peke yake. Akaunti zake za kubeti aliomba zifungwe, moja iligoma mpaka tulipoandika mara tatu. Laini yake ilikuwa kwa jina langu, tangu akiwa kidato cha nne. Wakala, ulisema kweli, nilipiga ile namba nikakuta laini nne, mbili sizijui kabisa. Tumesajili upya, ya kwake kwa jina lake. Pesa zake za matumizi zinapitia kwa dada yake. Madeni yote yameandikwa kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko wake. Bado 410,000. Anabangua na kupakia karanga kwangu jioni, namkata humo humo. Chuo wamemruhusu kulipa ada kwa awamu.

Alianguka mara moja. Wiki ya tatu, aliazima simu ya mdogo wake, akapoteza 6,000. Alikuja kuniambia mwenyewe kabla sijajua, na sikulipa. Lilikuwa jambo gumu, kumwona amekaa bila nauli na mimi nina pesa kwenye kitenge.

Video fupi ameziondoa. Anatumia kitochi, na simu janja anaichukua mezani kwangu akiwa na kazi ya chuo. Na mimi yangu inalala pale pale mezani kuanzia saa mbili usiku. Alisema nesi wa kliniki aliuliza, "na mama?" Nikaona haki.

Mvumi amekwenda mara mbili. Mzee, ameniambia hamkumuuliza kitu. Nashukuru.

Jumapili iliyopita tulirudi kutoka kanisani, nikapumzika kidogo. Niliposhtuka alikuwa amesimama mlangoni, kitochi mkononi, uso hauna damu. Akasema, "Mama, leo nimeshikwa. Tangu saa nane." Kulikuwa na mechi kubwa, mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele. Sikujua niseme nini. Nikavuta gunia, nikamwaga karanga kwenye turubai pale kivulini chini ya mwarobaini, nikakaa upande mmoja, naye akakaa upande wa pili. Alimpigia kijana wa Ng'hong'hona, wakaongea kidogo, akaweka kitochi chini. Tukabangua. Upepo wa Dodoma mnaujua mwezi wa saba, maganda yalikuwa yanaruka mpaka kwa jirani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mwanzoni, anaponda punje. Nilimwacha aponde.

Tulimaliza debe moja na nusu. Ilipokaribia saa moja akasema imepita, akachukua ndoo akaenda kuoga.